Mashimo ya Baba Nyuma ya Yambe

Kusi likishika, Tanga inageuka. Asubuhi pale Ngamiani watu wanatoka na masweta, muuza kahawa anakuwa na wateja mpaka jua limepanda, na kila unayekutana naye anakwambia leo baridi kali. Baridi yenyewe ni nyuzi 20 hivi za alfajiri, ambazo mtu wa Lushoto angezivulia shati. Lakini sisi ni watu wa pwani, mwili umezoea joto la kaskazi, na upepo huo wa kusini-mashariki ukikupiga nawe umelowa maji ya chumvi, hakuna wa kukushawishi kwamba hiyo si baridi.

Baharini ndiko kusi linakojulikana hasa. Linaanza Aprili pamoja na masika, linakaza Juni na Julai, halafu linalegea kuelekea Septemba. Mkondo unaopanda kuelekea Kenya unapata nguvu, mawimbi nje ya miamba yanakuwa marefu, na maji ya karibu bado yana tope lililoletwa na mito. Vyombo vidogo vingi vinapandishwa mchangani. Ni wakati wa kutia kalafati, kushona matanga, kurekebisha nyavu na kucheza bao. Samaki wanapungua sokoni Deep Sea, bei inapanda, na akina mama wa kukaanga wanapunguza vipande.

Baba yangu hutoka kipindi hichohicho.

"Chewa hana kusi," husema. "Kusi ni la wenye vyombo."

Nimejaribu kumpinga kwa hesabu. Maji ya bahari yetu mwezi wa nane huwa karibu nyuzi 25, na mwezi wa tatu yanafika 29, kwa hiyo samaki lazima ahisi tofauti. Ananisikiliza mpaka nimalize, halafu ananiuliza kama mimi huacha kula Lushoto. Sina jibu. Nimeona pia kwamba maneno yake yana ukweli: jodari na nguru ni wasafiri, wanafuata mikondo na vidagaa, leo wapo kesho hawapo. Chewa ana nyumba. Anakaa kwenye pango la mwamba mwaka mzima, mdomo ukitazama nje, akingoja kitu kipite. Hafukuzi mbali. Akikaribiwa na pweza au kibua mzembe anafungua kinywa, maji yanavutwa ndani, na aliyekuwa ndani ya maji hayo naye anaingia. Mwenye makazi ya namna hiyo hahami kwa sababu ya upepo wa juu.

Kwa hiyo uvuvi wa kusi kwa baba ni uvuvi wa anwani. Ukijua nyumba iko wapi na ukaweza kusimama juu yake, unakula samaki. Usipojua, utashinda unalowesha mshipi.

Nyumba zake nyingi za msimu huu ziko nyuma ya Yambe. Msomaji asiyeijua Tanga afikirie hivi: ukitoka mjini kwenda kusini unafika Mwambani, na mbele ya ghuba ya Mwambani kuna kisiwa cha Yambe, kimejaa msitu na mikoko. Kusini zaidi, kuelekea Tongoni, kuna Karange. Kusi linapiga upande wa bahari kuu wa Yambe, mawimbi yanavunjika huko kwa kishindo unachokisikia ukiwa bado pwani. Lakini upande unaotazama bara, kisiwa chenyewe kinakuwa ukuta. Maji yanatikisika tu, hayainuki. Ndani ya kivuli hicho cha upepo kuna vichwa vya miamba vilivyotapakaa kwenye mchanga, pima sita, pima nane, na chini ya baadhi yake kuna mapango. Kaskazi likivuma huwezi kumpata baba huko. Wakati huo anakwenda mbali, nje, kwenye mashimo mengine ambayo mimi nimeyaona mara chache tu.

Hakuwa mvuvi wa kazi. Miaka yake yote ya ajira alikuwa baharia wa tagi bandarini, enzi zile meli kubwa haziwezi kufunga gatini Tanga kwa sababu ya kina kidogo. Meli ilitia nanga katikati ya ghuba, mizigo ikashushwa kwenye matishari, matishari yakavutwa na tagi mpaka gatini. Katani ilitoka kwa njia hiyo, mbolea ikaingia kwa njia hiyo. Siku hizi wamechimba mpaka mita 13 na meli inafunga yenyewe. Baba alikwenda kutazama meli ya kwanza aliyosikia imefunga, akarudi, akasema vizuri sana, hatimaye mtu hashindi kazini analowa. Ndiyo tabia yake, hana machozi kwa mambo ya zamani. Nalisema hili mapema kwa sababu nitakayoyaeleza chini yanaweza kumfanya msomaji amdhanie mzee wa kusikitika. Siye.

Tunatoka Mwambani kabla ya jua, tukiwa watatu: yeye, mimi, na mpwa wangu anayeshika usukani kwa sababu ana mikono ya kazi hiyo kuliko mimi. Saa hizo kusi bado halijaamka. Kunakuwa na umande, ule upepo mwepesi wa alfajiri unaotoka nchi kavu, na ndio unaoisukuma ngalawa nje bila kelele. Umande unakufa jua likichomoza vizuri. Kuanzia saa tatu kusi linaanza kujinyoosha, na saa nne au saa tano ukiona vipovu vyeupe vimezunguka ncha ya kisiwa, unang'oa nanga. Kurudi ni rahisi, upepo unakupeleka nyumbani. Uvuvi wote unabanwa katikati ya pepo hizo mbili.

Siku zenyewe hachagui ovyo. Baba hahesabu Julai wala Agosti. Anahesabu mwezi mwandamo. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, hatoki. Maji yakiwa ya bamvua, mkondo kati ya Yambe na bara unakimbia, chubwi, ule uzito wa kuzamishia mshipi, halitulii, mshipi unalala ubavu na chambo kinapita juu ya paa la nyumba ya chewa badala ya mlangoni. Anangoja maji mafu, siku ya saba au ya nane ya mwezi huo, na tena ya ishirini na mbili hivi, ambapo bahari inajaa na kupwa kivivu. Ndani ya siku hizo kuna kipindi maji yanaposimama kabisa, nusu saa au pungufu, na baba hapendi mtu aongee naye katika kipindi hicho.

Sasa niseme habari ya macho.

Jicho la kushoto la baba lina mtoto wa jicho na la kulia linaelekea hukohuko. Ameelezwa kwamba upasuaji wake ni mfupi na mtu hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Amekubali, lakini baada ya kusi. Vitu vya karibu havimsumbui: ndoano anaifunga kwa vidole gizani, chambo anakichoma bila kutazama. Taabu ni mbali. Nchi kavu ikionekana kutoka Yambe, kwake yeye ni mstari wa kijani na juu yake weupe. Na mashimo yake yote yameandikwa huko.

Kila shimo lina alama mbili, na kila alama ni vitu viwili: kimoja cha karibu, kimoja cha nyuma yake. Unasogeza chombo mpaka viwili hivyo vipangane, kimoja mbele ya kingine. Hapo umepata mstari, na shimo liko mahali fulani juu ya mstari huo. Halafu unageuza shingo, unatafuta alama ya ubavuni, nayo ina vitu viwili vyake. Unafuata mstari wa kwanza polepole mpaka ile ya pili nayo ipangane. Mistari inapokatana ndipo mlangoni. Uzuri wa alama uko kwenye umbali baina ya vile vitu viwili. Mbuyu wa pwani na nyumba iliyo hatua chache nyuma yake ni alama butu, unaweza kuhama mbali na bado unaviona vimepangana. Mbuyu wa pwani na kilele cha mlima nyuma kabisa ni alama kali: ngalawa ikiserereka hatua kumi, mlima umeshauacha mbuyu.

Siku angavu za kaskazi baba alitumia milima ya Usambara, na Mlinga hasa, ambao una umbo usiloweza kulikosea. Kusi milima inavaa mawingu, kwa hiyo mashimo ya nyuma ya Yambe yana alama fupifupi za pwani, na hizo zinadai macho makali zaidi. Hayo macho sasa ni yangu. Yeye ana vidole na kichwa chenye ramani, mimi nina macho, mpwa wangu ana usukani. Alfajiri za kwanza tulipoanza utaratibu huu tuligombana sana.

"Mbuyu umeuona?"

"Nimeuona, baba."

"Mnara?"

"Uko kushoto kwake. Bado kidogo."

"Kidogo cha nani?"

Hilo swali lilikuwa halali. Kidogo changu hakikuwa kidogo chake. Tukakubaliana kipimo: nanyoosha mkono mbele, nafumba jicho moja, nahesabu vidole vinavyoingia kati ya mbuyu na mnara. Sasa mazungumzo yetu yamekuwa "vidole vitatu", "viwili", "kimoja na ukucha", mpwa wangu analegeza tanga, baba anashika nanga mapajani. Nikisema vimepangana, haamini papo hapo. Ananiuliza ubavuni kunaonekana nini. Namwambia ncha ya Yambe inakata Karange katikati, au bado inakata mkiani. Hapo anakokotoa, maana nanga haitupwi juu ya shimo. Inatupwa mbele, upande mkondo unakotoka, halafu kamba inaachiwa taratibu mpaka ngalawa irudi nyuma na kukalia pale tunapopataka. Akikosea pima tatu tunang'oa na kuanza upya, naye hukasirikia nanga.

Alama nazo hufa. Mnara niliomtajia ni wa simu. Kabla yake palikuwa na mnazi mrefu uliopinda, na baba aliutumia tangu hajaoa. Siku mnazi ulipolala alama ikalala nao. Nilitegemea atahuzunika. Akasema mnara ni bora, umenyooka, hautikisiki na usiku una taa. Kuna shimo lingine alama yake ya nyuma ilikuwa nyumba ya bati jekundu, mwenyewe akaezeka upya kwa bati la buluu, na kwa kusi zima baba alikuwa akimuuliza kila mtu aliyekuwa na macho mbona haoni nyumba. Habari ya bati aliipata msibani, kwa bahati. Na kuna ile bandari kubwa ya Mwambani ambayo imezungumzwa miaka na miaka, michoro ikatolewa, reli ikatajwa mpaka Musoma. Nikimuuliza itakuwaje ikijengwa, anasema watajenga minara mizuri.

Chambo anachokipenda ni mkono wa pweza. Anaununua kwa akina mama wanaoshuka miambani maji yakipwa wakati wa bamvua, anauhifadhi kwenye barafu mpaka maji mafu yafike. Mshipi ni wa nailoni nene, hauna fimbo wala gurudumu, umeviringwa kwenye kipande cha ubao. Kidole cha shahada anakifunga kipande cha tyubu ya baiskeli, maana nailoni iliyolowa ikivutwa ghafla inachana nyama. Chubwi linatangulia, ndoano inafuata juu yake kwenye uzi mwembamba kidogo, ili ikinasa mwambani uzi huo ukatike na mengine yarudi.

Chubwi likigusa chini analiinua shubiri moja. Halafu mshipi unapita juu ya kidole kile, na kidole ndicho kinachovua. Mguso wa kwanza huwa wa vijitu: tasi, changu wadogo, wanaodonoa. Tk, tk, tk. Baba haufungi mkono. Baridi ya kusi ndipo inapokuwa adui, kidole kikifa ganzi huwezi kutofautisha mdonoo na mkondo, kwa hiyo kila baada ya muda anakitia mdomoni, kitubu chote, anakipasha moto. Amevaa mzula wa sufi na koti la mvua lililokuwa la kazini, na mtu akimtazama kutoka mbali angesema yule mzee anajinyonya kidole.

Chewa hadonoi. Vijitu vinanyamaza wote kwa mpigo, na hicho kimya ndicho habari ya kwanza. Kisha mshipi unakuwa mzito, bila mshtuko, kama mtu aliyeegemea mlango. Baba husubiri pumzi moja. Halafu anavuta mkono mzima mpaka nyuma ya sikio, na wa pili unapokea, na wa kwanza tena, kwa sababu katika mivuto hiyo mitatu minne kesi inaamuliwa. Chewa akigeuka na kuingia ndani anatanua mashavu, anasimamisha miiba ya mgongoni, anajibana kwenye mwamba, na hapo unaweza kuvuta mpaka ngalawa ilale ubavu.

Mmoja aliingia kusi lililopita, kwenye shimo tunaloliita Uani. Nikadhani baba atakaza. Alilegeza. Aliachia mshipi pima nzima, ukaelea, akauweka chini ya unyayo, akachukua chupa ya chai na kujimiminia. Mimi na mpwa wangu tulitazamana. Akanywa chai nusu kikombe, akaniuliza kama yule fundi bomba alikuja. Nikamwambia bado. Akasema mafundi wa siku hizi. Akanywa tena. Halafu akaweka kikombe pembeni bila haraka, kwa maana unyayo ulikuwa umepata ujumbe: mshipi ulikuwa ukisogea. Chewa alikuwa amesahau, au amechoka kujibana, ametoka mlangoni. Baba alivuta safari hii kwa mikono miwili na mgongo, na samaki alipofika juu maji yalifanya duara kubwa la kahawia. Kilo nne na ushei, madoadoa mwili mzima, mdomo ulio wazi ungeingia ngumi yangu. Ubavu mmoja ulikuwa na mikwaruzo ya mwamba.

"Chai imepoa," baba akasema.

Nina rafiki aliye Marekani anayenitumia video za wavuvi wa huko, na moja ilikuwa ya baba na binti yake ziwani wakati wa baridi yao, wamevaa glavu, pumzi zinatoka moshi. Wanavua besi. Yule samaki baridi ikimshika mwili wake unapunguza mwendo, anazama chini penye maji yasiyobadilika, hafukuzi chambo. Inabidi chambo kiguse chini na karibu kisisogezwe, na akikimeza mvuvi hahisi kitu zaidi ya uzito kwenye mshipi. Nilimsimulia baba huku namwonyesha, ingawa aliona rangi zaidi ya watu. Nikamwambia besi hata Afrika Mashariki yupo, alipandikizwa Ziwa Naivasha miaka ya 1920. Hilo halikumgusa. Kilichomgusa ni uzito.

"Kumbe na wao wana kusi," akasema. Kisha akataka kujua binti alikuwa anashikilia mshipi au anatazama tu.

Mashimo mengine yamekufa kabisa. Watu wa Tanga hatuna haja ya kuelezwa habari za baruti. Sheria imeikataza tangu 1970 na bado tulikua tukiisikia, na ukiwa kwenye chombo mlio wake hauji hewani tu, unapanda kupitia mbao na kukupiga kwenye matako. Samaki walioonekana juu waliokotwa, wengi zaidi walizama, na mwamba ukabaki kifusi. Msako wa miaka ya karibuni umepunguza sana milio hiyo, nami sikumbuki kuisikia tukiwa nyuma ya Yambe siku za hivi karibuni. Ila mwamba uliovunjika haurudi kwa amri ya serikali. Chewa akivuliwa pangoni, mwingine huja kupanga. Pango likibomoka hakuna wa kupanga. Baba ana alama za mashimo kama hayo, anazijua barabara, mbele na ubavuni, na tukipita juu yake hunionyesha kwa kidevu. Hatutii nanga.

Kuhusu kupanga, ana kanuni yake. Shimo likitoa chewa, haliguswi tena mpaka mwezi upinduke mara mbili. Nilidhani ni huruma. Anasema ni akili tu, mpangaji mpya anayehamia huwa mdogo na mwenye wasiwasi, mwache anenepe. Nikaona ni wakati wa kumpa elimu yangu. Nikamweleza kwamba chewa wa aina nyingi huanza maisha wakiwa majike, na baadhi yao wakishakua wakubwa hugeuka madume. Kwa hiyo ukivua wakubwa tu, unaweza kumaliza mabwana wote.

Alicheka mpaka mzula ukamwangukia machoni. Alisimulia kijiji kizima. Lakini kusi hili tulipopata mkubwa kweli kwenye shimo la mbali zaidi, alimtazama kwa muda, akampima kwa mkono, akasema "huyu bwana", akamtia ndani ya ngalawa. Sikusema kitu. Tuko ndani ya eneo la hifadhi, kibali chetu kinaruhusu mshipi, na mzee ana wajukuu.

Hifadhi yenyewe ilianzishwa 2009 kwa ajili ya samaki mwingine kabisa, silikanti, aliyedhaniwa amekwisha duniani mamilioni ya miaka iliyopita mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Huku kwetu alianza kunaswa kwenye majarife, zile nyavu za papa, kilindini. Wageni huja kumuulizia. Baba aliwahi kumwona amelazwa mchangani Kigombe, na maoni yake ni mafupi: ana mafuta mengi, haliwi, na ana sura ya mtu aliyeamshwa. Chewa angekuwa na hifadhi yake, anasema, hapo tungezungumza.

Sasa simu. Nilidhani mimi ndiye nitakayemwomba aniruhusu kuziweka alama kwenye simu, na nilikuwa nimeandaa maneno ya heshima ya kumshawishi. Yeye ndiye aliyenitangulia. Tulikuwa tumekalia shimo, mshipi wa kwanza haujafika chini, akaniuliza: hiyo simu yako si inajua tulipo? Nikamwambia inajua. "Basi iambie hapa panaitwa Uani."

Tangu hapo kila tunapotia nanga naweka alama, na anataka nimsomee. Majina ni yake: Uani, Tishari, Kwa Fundi, Mlango Mbili. Kinachonishangaza ni jinsi nilivyokuwa mzito kuliko yeye. Kitu kilichonichukua miaka kukijua kwa shingo na vidole, sasa ni nukta nyekundu, na yeyote mwenye simu yangu anaweza kuifuata bila kujua mbuyu ni upi. Nilimwambia hivyo. Akasema mbuyu haukukusudiwa kujulikana, uliwekwa kwa ajili ya samaki. Halafu, simu ina upungufu wake, na hapo alikuwa na furaha isiyofichika: nukta inakuweka karibu, hatua chache huku au kule, na nyumba ya chewa mlango wake ni upana wa meza. Siku mbili tofauti nukta imetuweka juu ya mchanga mtupu. Vidole na mbuyu vikatusogeza.

Kwa hiyo tunavitumia vyote. Simu inatufikisha mtaani, alama zinatufikisha mlangoni. Mpwa wangu, ambaye ana macho mazuri kuliko sisi sote na hajasema kitu katika makala hii nzima kwa sababu huwa hasemi, ameanza kuhesabu vidole bila kuombwa.

Tatizo limetokea nyumbani. Ndugu yangu aliyeko Dar amesikia habari za nukta, naye ana boti ya faiba ya kushirikiana na wenzake, yenye injini, na anataka nimtumie mashimo yote "ili yasipotee". Amepiga simu kwa mama, mama akapiga simu kwangu, wote kwa upole mwingi. Nilimpelekea baba kesi hiyo jioni, amekaa barazani, mama yuko ndani anapika kichwa cha chewa kwa nazi na ukwaju na anasikiliza kila neno.

Baba alifikiri. Akauliza boti ya faiba inaweza kufika wapi. Nikamwambia popote, ina injini ya farasi 40.

"Na atakuja lini?"

"Likizo ya Desemba, anasema."

"Mtumie," akasema. "Mtumie zile za kaskazi, za nje. Za nyuma ya Yambe mwambie bado tunazipanga."